Mstari Ulionyooka wa Mwalimu Rozina

Sogeeni, enyi wakazi wa Mirongo na wa Nyamagana yote. Sogeeni nanyi mnaovuka Busisi kwa kivuko, mkono mmoja umeshika kuku na wa pili umeshika roho. Na ninyi mawe ya Mwanza, mliobebana tangu kuumbwa kwa ulimwengu bila hata mmoja wenu kulalamika, tegeni masikio kama mnayo. Nawaletea habari za vita: jinsi Rozina binti Ooko, shangazi yangu, mshika chaki, mla vumbi jeupe, mama wa watoto mia na kumi na wawili asiyemzaa hata mmoja wao, alivyokabiliana na maneno saba juu ya ubao mweusi akayashinda, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano, siku ya Jumanne, kabla ya chai ya saa nne.

Wanaopenda vita vyenye damu wajue mapema kwamba damu ipo kidogo tu, nayo ilitoka puani kwa mtoto wa dawati la tatu, ambaye hutokwa damu kila Jumanne.

Zama zile nchi ilikuwa imefungua milango yake. Sabuni, ambayo wazazi wetu waliipangia foleni kama wanaopokea sakramenti, sasa ilipangwa dukani kwa rangi tatu, na mtu aliweza kuidharau mbili. Kila kitu kiliuzwa na kila mtu aliuza, hata walimu. Na kati ya mambo mapya yaliyoingia mjini kikaingia Chuo cha Mwambani, chuo kilichojengwa juu ya mawe, chenye geti la rangi ya buluu na bendera yake chenyewe, kikabandika tangazo kwamba kitatoa shahada ya kwanza ya ualimu wa shule za msingi. Yaani mtu asome miaka mitatu, avae joho, apigwe picha na ndugu zake wote wakilia, kisha arudi kufundisha darasa la kwanza.

Ofisi ya walimu ilicheka mpaka vikombe vikatikisika. Aliyeongoza kicheko alikuwa Mwalimu Odeta, ambaye alifundisha hesabu darasa la tano na kuuza sketi za mitumba ndani ya kabati la ramani.

"Da Rozina," alisema huku akikunja sketi juu ya ramani ya Afrika, "shahada ya kufundisha a, e, i, o, u? Huko si kununua kivuko kizima uvuke mtaro?"

Hapo shangazi yangu aliinuka, akakung'uta chaki mabegani, akanena kama anenavyo jemadari juu ya kilima:

"Odeta, muuza kafa-Ulaya, nisikilize. Daktari wa jino moja husoma miaka mitano. Mimi napewa vichwa mia na kumi na viwili, vyote vitupu na vingine vinavuja, na mnataka niviingie kwa cheti cha miaka miwili? Miaka kumi na tisa nimewafundisha kusoma watu ambao leo ni mameneja wa viwanda vya minofu. Wakinipita barabarani wanasema, 'Yule siyo mwalimu wa vidudu?' Hata jina langu hawalijui! Nataka siku moja, kabla sijazikwa, nisimame kwenye uwanja wenye viti, na mtu aliyevaa joho jekundu aniite kwa kipaza sauti, majina yangu yote matatu, na mimi niitike."

Mwalimu Odeta akafunga kabati.

"Haya, da Rozina. Ukifika huko, nitakuuzia sketi ya kuvalia chini ya hilo joho."

Masharti ya kujiunga yalikuwa saba, yamepigwa chapa kwenye karatasi ya kijani. La kwanza, cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu A. Alikuwa nacho, kimelala ndani ya Biblia tangu mwaka sabini na sita. La pili, ufaulu wa kidato cha sita. Hilo alilipigania kama mtahiniwa binafsi, akisoma kwa koroboi, akaanguka mara moja, akainuka, akapata. La tatu, miaka mitano ya kufundisha. Hiyo alikuwa nayo na ya kuwagawia majirani. Picha ndogo nne alipiga, na katika zote nne amefumba macho, lakini hakuna sharti lililosema macho yawe wazi. Barua ya Mwalimu Mkuu Chenge ilichukua siku tisa, kwa sababu Mwalimu Chenge hutafuta miwani yake siku nane kabla ya kutia saini kitu chochote. La sita lilisema mwombaji asiwe ametimiza miaka arobaini. Shangazi alikuwa anaitimiza Desemba. Kwa hiyo ilikuwa ni mwaka huo, au basi tena.

Likabaki la saba. Lisikieni, maana ndilo joka la hadithi hii: Mwombaji ataandika ubaoni, mbele ya darasa lenye wanafunzi, sentensi ya maneno saba katika mstari ulionyooka, bila rula wala mistari ya kuongozea. Atajaribu mara tatu.

Najua mnacheka. Mnasema, mstari tu? Hamjauona mstari wa shangazi yangu. Ulianza chini kushoto, karibu na sakafu, ukapanda kama njia ya mbuzi, ukamalizika kulia chini ya dari. Vizazi kumi vya watoto vilijifunza kusoma vikiwa vimelaza kichwa juu ya bega la kushoto. Hata leo, ukimwona kijana sokoni anasoma gazeti huku shingo imepinda, usimpeleke hospitali; mwulize tu nani alimfundisha darasa la kwanza.

Na sababu ya mstari huo kupanda ilijulikana na kila mtu: Mwalimu Rozina hakuwapa watoto mgongo. Alisimama ubavu, macho kwa darasa, mkono wa kulia ukiandika nyuma yake peke yake kama mkono wa mtu mwingine. Sababu ya kutowapa mgongo ilijulikana na mtu mmoja tu, nami ndiye huyo.

Mnafahamu kwamba katika kila darasa la nchi hii kuna cheo kinachopita ubunge, nacho ni kiranja. Mwalimu akigeuka au akitoka, kiranja husimama mbele na karatasi akaandika majina ya wapiga kelele. Aliyeandikwa ameandikwa, hakuna rufaa wala machozi. Na asiyeandikwa hana kosa, hata kama dari imeanguka kwa sababu yake. Mwaka themanini na tano, katika darasa la kwanza la shangazi, kiranja nilikuwa mimi, Anyango, umri miaka saba. Asubuhi moja chura wa mto Mirongo, mnene kama andazi, alihama kutoka mfuko wa sweta langu akaingia kwenye boksi la chaki. Shangazi alikuwa amegeuka anaandika. Akapeleka mkono nyuma kuchukua chaki.

Mlio ule ulisikika mpaka sokoni. Watoto walipanda juu ya madawati, chura akapanda juu ya meza, na shangazi, ninasema kwa heshima zote, akapanda juu ya kiti. Vumbi lilipotulia aliniomba orodha ya wapiga kelele. Nikampa. Ilikuwa karatasi tupu, safi kama roho ya malaika.

Tangu siku hiyo akafuta cheo cha kiranja, akahamishia chaki mfukoni mwa sketi, na miaka kumi hakuna mtoto aliyeuona mgongo wake.

Basi, mwezi wa Mei mwaka ule wa masharti nilikuwa nyumbani kwake. Kwa nini mwanafunzi wa kidato cha nne awe nyumbani mwezi wa Mei, hilo shule yangu ya bweni ililieleza katika barua ndefu, nami sipendi kurudia maneno ya watu. Nikamkuta amepaka bango la mbao mkaa wa betri zilizokufa, uliotwangwa pamoja na majani ya matembele, akaliegemeza kwenye ukuta wa sebule, anafanya mazoezi.

"Anyango, hebu kaa nikuone," alisema.

"Andika tu shangazi, mimi nipo hapa nyuma."

"Ndiyo maana nataka nikuone."

Akaandika ubavuubavu, na mstari ukapanda mpaka kwenye kalenda. Jioni nilitumwa maji. Niliporudi nilichungulia mlangoni kabla ya kuingia, nikamwona yuko peke yake, mgongo kwa mlango, anaandika. Na mstari wake ulikuwa umetulia kama maji ndani ya beseni. Nikatua ndoo. Akasikia, akageuka kwa kasi, na neno la mwisho likaruka juu.

Hapo nikauona ugonjwa kwa macho yangu, na aliyeuleta nilimjua siku nyingi. Nikanyamaza. Ujasiri wangu wote huisha katika kutenda. Wa kukiri sikubakiziwa.

Ikafika Jumanne. Watahini wawili wa Chuo cha Mwambani waliingia darasa la kwanza, na watoto mia na kumi na wawili wakasimama kwa kishindo: "Shikamooni walimu!"

Wa kwanza alikuwa Mzee Mihayo, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mrefu, suruali yake imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Inasemekana alitabasamu mara ya mwisho siku ya Uhuru, na jioni akajutia. Wa pili alikuwa Dokta Rugemalira, mhadhiri kijana aliyerudi karibuni kutoka ng'ambo na mkoba mkubwa wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi moja, na mfukoni mwa koti kulikuwa na senene wa kukaanga, wale panzi watamu, ambao mama yake alikuwa amemletea kutoka kwao Kagera. Mimi nilikuwa nje, nimesimama juu ya jiwe, kidevu kwenye dirisha. Mlangoni alijibanza Mwalimu Odeta, na sketi moja begani kama bendera.

Mzee Mihayo akasoma sentensi kutoka kwenye karatasi: "Mama anapika samaki na ugali wa muhogo. Mwalimu, anza."

Shangazi akatoa chaki mfukoni. Akasimama kama alivyozoea, ubavu kwa ubao, macho kwa watoto. Mkono ukaanza safari. Mama alikuwa chini sakafuni, samaki wakawa katikati ya mlima, ugali ukagusa fremu, na muhogo, maskini, ulikosa ubao ukaandikwa ukutani.

"Mwalimu," alisema Mzee Mihayo, "hii sentensi inakwenda wapi?"

"Juu, mzee."

"Naiona. Moja imekwisha."

Akafuta. Mara ya pili akashusha pumzi na kufanya jambo ambalo macho ya darasa la kwanza hayakuwahi kuona: aligeuka. Watoto wakaduwaa. Mgongo! Mwalimu ana mgongo! Mama akakaa sawa. Anapika akakaa sawa. Kisha dawati likalia, kwii, na shangazi akazunguka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Chaki ikavunjika, na samaki akapiga mbizi kuelekea sakafuni kama anayerudi kwao ziwani.

"Mbili," alisema Mzee Mihayo, na safari hii hakusema kwa ukali. Ilikuwa mbaya zaidi hivyo.

Nilimtazama shangazi yangu. Alikuwa ameshika kipande cha chaki kisichozidi ukucha, na midomo yake ilitembea bila sauti. Nadhani alikuwa anatamka majina yake matatu. Moyo wangu, ambao kwa kawaida hukaa kimya wakati wa makosa, ulianza kunipiga kwa ndani.

Ndipo Rozina binti Ooko akaweka chaki mezani, akaifungua kanga yake ya kiunoni akaifunga upya, akasogea mbele ya mkaguzi mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tulishasalimiana."

"Hiyo ya kwanza ilikuwa ya mgeni. Hii ni ya mtu mwenye shida. Mzee, sharti lenu linasema darasa lenye wanafunzi. Darasa hili halijakamilika. Halina kiranja. Miaka kumi halina, kwa sababu kiranja wa mwisho aliniletea karatasi tupu siku ambayo kelele zilifika sokoni. Tangu hapo ninaandika kwa mkono mmoja na kulinda kwa macho mawili. Siwezi kuandika na kulinda. Hakuna awezaye. Naomba kiranja mmoja tu, mtu ambaye karatasi yake nitaiamini. Naomba uwe wewe."

Dokta Rugemalira akakohoa kicheko. Mzee Mihayo hakucheka. Alitazama darasa, akatazama viatu vyake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu wa mbali sana.

"Mwaka arobaini na nane," alisema, "nilikuwa kiranja wa darasa la pili. Nilivuliwa cheo kwa upendeleo. Kaka yangu alipiga kelele, nikaacha kumwandika." Akanyoosha mkono. "Nipe karatasi."

Akasimama mbele, kalamu juu, mrefu kama minara miwili. Watoto mia na kumi na wawili wakakunja mikono bila kuambiwa. Shangazi akachukua chaki nzima. Akageuka. Akaandika Mama.

Anapika ikafuata, imenyooka. Mtoto wa dawati la tatu akaanza kutokwa damu puani, akainamisha kichwa akaiacha itoke kimyakimya kama shujaa. Shangazi akaanza kuandika samaki.

Kra!

Kilikuwa kitu kilichotafunwa. Kisigino cha kulia cha shangazi kikainuka. Bega likaanza kugeuka. Nikafumba jicho moja.

"Nani anatafuna?" alinguruma kiranja.

Vidole mia na kumi na viwili vikanyooka upande mmoja.

"Mzee," alinong'ona Dokta Rugemalira, shavu limejaa, "mimi ni mtahini mwenzako."

"Unatafuna au hutafuni?"

"Ni senene tu, mzee."

"Rugemalira," alisema Mzee Mihayo huku akiandika, herufi moja moja. "Umeandikwa."

Na kisigino cha shangazi, enyi wasikilizaji, kikarudi chini! Bega likarudi mahali pake. Yule mwanamke ambaye kwa miaka kumi aligeuka kwa kila mkwaruzo, safari hii alisikia kishindo cha senene wa Kagera nyuma yake na akaendelea kuandika, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuandika jina. Na. Ugali.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Nilimwona daktari wa falsafa akijaribu kumeza senene mzima bila kutafuna, macho yamemtoka kama ya yule chura wa zamani, nami nikacheka. Sikucheka kidogo. Nilicheka mpaka jiwe likayumba.

"Wewe wa dirishani!" Kalamu ikanielekea. "Jina lako."

Njia ya kukimbia ilikuwa wazi. Mtaro haukuwa mbali, na miguu yangu inaujua. Lakini nilitazama mgongo wa shangazi. Ulikuwa umesimama, chaki imegusa ubao, unangoja. Haukugeuka, ila ulikuwa unasikiliza, na nikajua kwamba nikikimbia karatasi itamdanganya shangazi mara ya pili.

"Anyango, mzee," nikasema. "Anyango Ooko."

"Umeandikwa."

Chaki ikasogea. Wa. Muhogo. Kisha nukta, aliyoibonyeza kama mtu anayegonga muhuri wa serikali.

Mzee Mihayo akatoa mfukoni uzi wa fundi mwashi. Akashika ncha moja, Dokta Rugemalira ncha nyingine, wakauvuta chini ya mstari. Maneno saba yalikaa juu ya uzi kama mbayuwayu juu ya waya wa umeme, hata mmoja hakuning'inia.

"Umenyooka," alisema Mzee Mihayo. Kisha, kwa kuwa ukweli ni mzito, akarudia: "Mwalimu Rozina, umenyooka. Masharti yote saba yametimia. Oktoba uje chuoni."

Watoto wakapiga makofi ya kilo tano. Mlangoni Mwalimu Odeta alikuwa anafuta macho kwa sketi ya biashara. "Da Rozina," alisema kwa hasira, "hii sasa nimeichafua, uichukue bure."

Lakini shangazi alikuwa na kazi moja zaidi. Akanyoosha mkono, na kiranja akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

"Rugemalira, kutafuna darasani," akasoma. "Anyango Ooko, kucheka dirishani. Wapiga kelele, mbele."

Dokta akaja. Nami nikaingia. Shangazi akanigeukia.

"Una la kuongeza?"

"Shangazi, yule chura mwaka themanini na tano. Ni mimi niliyemtia."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ile. Karatasi ilikuwa tupu, lakini ilinuka tope la Mirongo." Akaikunja orodha, akaiweka mfukoni mlimokaa chaki. "Lakini hukuwa umeandikwa, na mimi simwadhibu asiyeandikwa. Miaka kumi nimengoja. Kumbe alihitajika kiranja tu. Wote wawili, fagio ziko pale nyuma."

Tukafagia, mimi upande wa dirisha, daktari wa falsafa upande wa mlango, na tulipokutana katikati alinipa senene watatu kwa siri, nami nikala kimya, maana kiranja alikuwa bado amesimama. Tulifagia kila kitu isipokuwa ubao. Ubao haukuguswa na mtu mpaka Ijumaa. Hata hesabu za kujumlisha ziliandikwa chini yake, kwa heshima.

Basi, siku mtakaposikia jina la Rozina Akinyi Ooko likiitwa kwa kipaza sauti, na mtu akawauliza lilianzia wapi, msimwambie habari za cheti wala picha zilizofumba macho. Mwambieni kwamba palikuwa na Jumanne moja Mwanza, dakika kumi kabla ya saa nne, mwalimu akawapa watoto mgongo, na mama akapika samaki na ugali wa muhogo, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho wake, bila kupanda wala kushuka.